Birmingham 1963: Waliosema "subirini" walikuwa na hoja gani?

Wengi wakisikia habari za upinzani dhidi ya maandamano ya Weusi ya kupinga utengano wa rangi huko Birmingham, Alabama, Marekani, humkumbuka Eugene "Bull" Connor, kamishna wa usalama aliyewaachia waandamanaji mbwa wa polisi na maji ya zimamoto. Kwa Connor hakuna cha kupima. Wanaostahili kuchambuliwa ni wenyeji waliochoshwa naye na bado wakayapinga maandamano: wafanyabiashara wa katikati ya jiji, viongozi wa dini Wazungu, na hata Weusi wenye majina kama tajiri A. G. Gaston, mwenye moteli alimofikia Martin Luther King.

Hoja yao nzito ilihusu wakati. Novemba 1962 wapiga kura walikubali kuondoa utawala wa makamishna watatu, Connor akiwa mmoja wao, na kuweka meya na baraza. Tarehe 2 Aprili 1963 Albert Boutwell alimshinda Connor kwenye duru ya pili ya uchaguzi wa meya, na kura za Weusi zilichangia sana. Kesho yake tu wanaharakati wakaketi kwenye kaunta za chakula madukani na kukataa kuondoka. Kwa nini wasimpe mtu huyu hata mwezi mmoja? Tarehe 12 Aprili viongozi wanane wa dini walitoa tamko wakisema maandamano hayo hayana busara, hayakuja kwa wakati wake, na kwa sehemu yanaongozwa na watu wa nje. Hawakuwa wafuasi wa Connor: Januari mwaka huohuo baadhi yao walitaka hadharani amri za mahakama za kuondoa utengano ziheshimiwe. King aliwajibu kwa barua ndefu kutoka jela.

Lakini waandaaji walikuwa wamekwisha kusubiri mara mbili: kwanza uchaguzi wa 5 Machi upite, kisha duru ya pili. Pasaka ilikuwa 14 Aprili, msimu wa watu kununua nguo mpya. Kususia maduka baada ya hapo kusingewauma wenye maduka. Tena Boutwell hakuwa na madaraka ya kutumia. Connor na wenzake walikataa kutoka ofisini wakidai muda wao unaishia 1965, na jiji likawa na serikali mbili hadi Mahakama Kuu ya Alabama ilipoamua kesi hiyo 23 Mei. Polisi na zimamoto walibaki chini ya Connor.

Kwangu ushahidi mkubwa zaidi ni wa Septemba 1962. Chama cha King kilipokuja kufanya mkutano wake mjini, wenye maduka waliogopa maandamano, wakaondoa vibao vya "Wazungu tu" vyooni na kwenye bomba za maji ya kunywa. Wageni walipoondoka, Connor akatishia kuwatumia wakaguzi wa majengo, na vibao vikarudi. Isidhaniwe kwamba utengano ulikuwa mazoea tu. Sheria ndogo ya jiji ilitaka mgahawa unaohudumia rangi zote mbili uwe na ukuta usio na uwazi, kuanzia sakafuni hadi futi saba, na kila upande uwe na mlango wake wa barabarani. Hata kucheza bao la drafti pamoja kulikatazwa. Mwenye duka aliyetaka kulegeza alivunja sheria, akakabiliana na mkaguzi mchana na watega mabomu usiku. Nia njema yake ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na mtu wa kuilinda.

Hoja ya "watu wa nje" nayo ina nusu ya ukweli. Mchungaji Fred Shuttlesworth, mmoja wa waandaaji wakuu, alikuwa amehamia kanisa la Cincinnati mwaka 1961. Ila nyumba yake ya Birmingham ililipuliwa kwa bomu Krismasi ya 1956, na mwaka uliofuata alipigwa kwa minyororo akijaribu kuwaandikisha watoto wake shule ya Wazungu. Nani mwenyeji kumzidi?

Je, njia ya sheria? Waliomba kibali cha kuandamana wakakataliwa. Tarehe 10 Aprili jaji akawazuia kwa amri, wakaivunja. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha adhabu kwa kura 5 kwa 4, ikisema walipaswa kuipinga amri mahakamani kwanza. Mwaka 1969 mahakama hiyohiyo ikatengua hukumu iliyotokana na sheria ya vibali yenyewe. Haki ya kuandamana walikuwa nayo, ila ilichukua miaka sita kuthibitishwa.

Pale wapinzani walipokuwa na nguvu ni suala la watoto. Kuanzia 2 Mei wanafunzi walitoka kanisa la 16th Street wakaandamana, kwa sababu mtu mzima akikamatwa hupoteza kazi, na watu wazima wa kujitolea walikuwa wakipungua. Hakuna aliyeweza kuwahakikishia wazazi usalama, na sioni jibu linalotosha kabisa. Siku iliyofuata Gaston alikuwa kwenye simu na wakili Mzungu, David Vann, wakimlalamikia King, akaona dirishani maji ya zimamoto yakimbingirisha msichana mdogo barabarani. Akakatisha mazungumzo. Tarehe 23 Mei Milton Obote wa Uganda, akiwa Addis Ababa kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika, alimwandikia Rais Kennedy kulaani mbwa na maji hayo.

Makubaliano ya 10 Mei yaliweka siku 3 kwa vyumba vya kujaribia nguo, 30 kwa vibao na 60 kwa kaunta za chakula, lakini hizo mbili za mwisho zilianza kuhesabiwa mahakama ikishatambua serikali ya jiji. Kwa hiyo Boutwell alihitajika kweli, na Julai baraza jipya likafuta sheria za utengano. Ila lilifuta baada ya wenye maduka kukosa wanunuzi na jela kujaa. Kipengele cha ajira ndicho kilichoachwa kimelegea: karani mmoja Mweusi kila duka, walivyoelewa wanaharakati, mmoja kwa maduka yote, akasema Sidney Smyer, msemaji wa wafanyabiashara. Polisi Mweusi wa kwanza wa jiji aliajiriwa mwaka 1966.