Joto la dunia huamuliwa juu angani

Mjadala wa tabianchi ukipamba moto, hakosi mtu wa kuuliza: hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya angahewa, kitu kiduchu namna hiyo kitaipashaje joto dunia nzima? Mara nyingi anayeuliza huishia kukejeliwa, au huambiwa wanasayansi wameshakubaliana, basi anyamaze. Kwangu mimi hilo ni swali zuri. Kasoro iko kwetu tunaolijibu, maana tumezoea mfano wa blanketi: gesi zimeifunika dunia, joto linakosa pa kutokea. Si uongo. Lakini muulizaji akirudi na swali la pili, au la tatu, blanketi huanza kuchanika, naye huondoka akiamini kwamba jibu hatuna.

Jibu tunalo, ila haliko hapa chini tunapoishi. Liko juu, kwenye kimo ambako joto la dunia hatimaye hupata upenyo wa kutoka.

Tuanze na hesabu yenyewe. Chukua mwanga wa jua unaoifikia dunia, uugawe sawasawa, mchana na usiku, ikweta na ncha zote mbili: unapata kama wati 340 kwa kila mita ya mraba. Karibu 100 kati ya hizo hurudishwa zilikotoka na mawingu, barafu, vumbi na mchanga wa majangwa. Zinazobaki, 240 hivi, hufyonzwa. Nje ya angahewa ni ombwe tupu. Hakuna upepo wa kuipoza dunia wala maji ya kuizimua. Njia yake pekee ya kupoteza joto ni kutoa mionzi, ile ya infraredi tusiyoiona kwa macho. Ikipokea 240 na kutoa 240, joto lake hutulia. Ikitoa pungufu, joto hupanda mpaka hesabu ikae sawa tena.

Kitu kinachotoa wati 240 kwa kila mita ya mraba kina joto la nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Ndivyo dunia inavyosomeka ukiipima kutoka nje. Lakini wastani wa joto la uso wake ni nyuzi 15 juu ya sifuri, na uso wenye joto hilo hutoa wati zipatazo 390. Pengo la wati 150 hivi ni kazi ya gesi joto, yaani gesi zinazonasa joto kama hewa ukaa, na ya mawingu, na bila kazi hiyo bahari zingekuwa barafu. Mwanahisabati wa Ufaransa, Joseph Fourier, alikuwa ameshaiona sura ya jambo hili mwaka 1824: kwamba angahewa hupitisha mwanga unaoingia kwa urahisi kuliko inavyopitisha joto linalotoka.

Sasa hiyo asilimia 0.04. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni kama asilimia 99 ya hewa kavu, haziidaki mionzi ya infraredi kwa kiasi cha maana. Molekuli zake zina atomi mbili zinazofanana, na namna zinavyotikisika haishikani na mionzi hiyo. Molekuli ya hewa ukaa ina atomi tatu. Hujipinda na kujinyoosha, na katika kujipinda huko hunasa mionzi yenye urefu wa wimbi wa maikromita 15 hivi, katikati kabisa ya eneo ambalo dunia hutolea sehemu kubwa ya joto lake. Kwa hiyo kuipima hewa ukaa kwa kuilinganisha na naitrojeni ni kuipima kwa kitu kisichohusika. Kinachohesabika ni wingi wa molekuli zilizo njiani mwa mionzi. Ukiikusanya hewa ukaa yote iliyo juu ya kichwa chako na kuitandaza kwa mgandamizo wa usawa wa bahari, utapata tabaka lenye unene wa zaidi ya mita tatu. Ozoni, ukiifanyia vivyo hivyo, ni milimita tatu tu hivi, na ndiyo hiyo inayotukinga na miale ya urujuanimno.

Anayeng'ang'ania asilimia aitazame Mirihi. Hewa yake ni asilimia 95 hewa ukaa, lakini ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata mia moja ya wetu, na sayari hiyo ni baridi kali. Zuhura nayo ina asilimia 96, ila hewa yake ni nzito karibu mara 90 ya yetu, na usoni pake ni nyuzi zaidi ya 460. Wengi husema ni kwa sababu iko karibu na jua. La hasha: mawingu yake hurudisha kama robo tatu ya mwanga, hivyo Zuhura hufyonza mwanga mchache kuliko dunia.

Swali la pili ni gumu zaidi, na kihistoria liliwababaisha hata mabingwa. Mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipokokotoa mwaka 1896 kwamba kuongezeka kwa hewa ukaa kungepandisha joto, mwanafizikia mwenzake wa huko, Knut Ångström, alimpinga miaka michache baadaye kwa hoja iliyoonekana haina jibu: hewa ukaa iliyopo tayari inanasa karibu mionzi yote ya maikromita 15, basi ukiongeza nyingine itanasa nini? Hoja hiyo iliizorotesha elimu hii kwa miongo kadhaa, na hadi leo inazunguka mitandaoni kana kwamba imevumbuliwa jana.

Hapa ndipo mfano wa blanketi unaposhindwa, na hapa ndipo panaponivutia mimi. Mionzi ikinaswa haiishi hapo. Hewa iliyoinasa hupata joto na kutoa mionzi yake, juu na chini, nayo hunaswa na tabaka linalofuata, hivyo hivyo kupanda juu, mpaka ifike pale ambapo hewa ni haba kiasi kwamba mionzi inapita bila kizuizi. Kimo hicho, kwa wastani, ni kama kilomita tano. Na kwa kuwa hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, pale juu ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Hesabu inakutana: nyuzi 33 za tofauti ni kilomita tano za kupanda.

Ukiongeza hewa ukaa, mionzi inalazimika kupanda juu zaidi kabla ya kupata upenyo. Juu zaidi ni baridi zaidi, na kitu baridi hutoa mionzi michache. Dunia sasa inapokea 240 na kutoa pungufu. Safu nzima ya hewa, kutoka hapo juu hadi ardhini, hupata joto mpaka kile kimo kipya cha kutokea kiweze tena kutoa 240. Hata kama chini tayari mionzi yote inanaswa, juu hakujajaa. Kuongezeka maradufu kwa hewa ukaa hupunguza mionzi inayotoka kwa karibu wati 4 kwa mita ya mraba, na kila maradufu inayofuata huleta takriban kiasi kilekile.

Na je, si jua ndilo linaloongeza joto? Jua likizidisha mwanga, angahewa yote ingepata joto, chini na juu. Gesi joto hufanya kinyume: huku chini hupashwa, lakini stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua, hupoa, kwa sababu huko hewa ukaa ikizidi hutoa joto kwenda nje kwa wepesi zaidi. Wanasayansi wa tabianchi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 1967, kabla vipimo vya kulithibitisha havijapatikana. Setilaiti zimekuja kuona stratosfia ikipoa. Manabe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na kwa maoni yangu ilichelewa.

Mvuke wa maji, ndiyo, hunasa joto zaidi ya hewa ukaa. Lakini mvuke hukaa angani siku chache tu kisha hunyesha, na wingi wake hufuata joto: hewa ikipanda nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hauanzishi safari, huikuza. Maradufu ya hewa ukaa peke yake ingeleta nyuzi moja na ushee; ukijumlisha mvuke, barafu na mawingu, ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inakadiria nyuzi 3, huenda kati ya 2.5 na 4. Upana huo unatokana hasa na mawingu, na anayetaka kubishana kwa haki abishane hapo.

Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni kabla ya viwanda. Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 alikuta kama 315. Leo imepita 420.

Lalamiko langu la mwisho ni kwa vyombo vya habari. Kila mwaka tunatangaziwa joto la hewa, namba inayoyumbishwa na El Niño, ilhali kama asilimia 90 ya joto la ziada linalobaki duniani huingia baharini. Maboya ya mradi wa Argo, karibu 4,000, huzama na kuibuka yakipima joto la bahari, na setilaiti hupima kinachoingia na kutoka juu ya angahewa. Vyote viwili vinaonyesha dunia inabakiza joto. Kati ya 2006 na 2018 pengo kati ya kinachoingia na kinachotoka lilikuwa karibu wati 0.8 kwa mita ya mraba, ambalo kwa dunia nzima ni kama mara ishirini ya nishati yote wanayotumia wanadamu. Setilaiti zinaonyesha pia kwamba pengo hilo liliongezeka karibu maradufu kati ya 2005 na 2019, na sehemu ya ongezeko hilo ni kwa sababu mawingu na barafu vinarudisha mwanga mchache kuliko zamani. Hiyo ndiyo namba ambayo ningependa kuiona ukurasa wa kwanza kila Januari.