Chama cha walenga shabaha si chama cha wenye bunduki

Nimechukua fomu. Nagombea ukatibu mkuu wa chama chetu cha kulenga shabaha, na kabla wajumbe hawajaanza kuulizana huyu dada katumwa na nani, naona bora nieleze mwenyewe.

Kwa miaka saba nimekuwa msimamizi wa mstari. Kwa asiyeujua mchezo huu, msimamizi wa mstari ndiye anayesimama hatua moja nyuma ya bega la mlengaji. Anamwambia lini apakie, lini aanze, lini atoe magazini, kile kikasha cha risasi, na kuonyesha kuwa chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu. Jioni, watu wakishapanda magari yao, yeye na wenzake wawili watatu ndio wanaoinama kuokota maganda ya risasi kwenye mchanga. Uwanja tunaoutumia uko nje kidogo ya mji, njia ya Bagamoyo. Mimi nakaa Mbagala, kwa hiyo siku ya mashindano natoka nyumbani saa kumi alfajiri ili saa moja niwe nimeshakagua tuta la udongo na kupanga shabaha. Sijawahi kulipwa kwa kazi hiyo wala sijawahi kudai. Ninachotaka kukifanya ofisini nimekifikiria nikiwa pale.

Kuna siku moja ambayo sijaisahau. Tulikuwa na mashindano ya bastola, yale ya kutembea kituo hadi kituo ukilenga huku saa inahesabu. Mchezo huo una shirikisho lake la kimataifa, IPSC, lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, na kaulimbiu yake ya Kilatini inataja usahihi kwanza, nguvu pili, kasi mwisho. Kanuni zake ni nyingi, lakini iko moja ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: ukiwa na silaha mkononi, mdomo wake usipite digrii 90 kutoka uelekeo wa shabaha. Ukipita, umetoka kwenye mashindano yote. Hakuna onyo la kwanza.

Mzee mmoja mwenye sauti kubwa ndani ya chama alikuwa kituo cha pili. Magazini ikamponyoka, ikaanguka nyuma yake. Akageuka kuifuata, na bastola ikageuka naye. Niliuona mdomo wa bastola ukipita usawa wa watu waliokaa chini ya turubai, akiwemo kijana wetu wa kuandika matokeo. Nikapiga kelele, "Simama!" Akasimama. Akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Binti, unanifahamu mimi ni nani?"

Nikamjibu, "Nakufahamu, mzee wangu. Naomba ugeukie shabaha, utoe magazini, unionyeshe chemba."

Alifanya hivyo, na kwa hilo namheshimu. Nikaandika kwenye karatasi kwamba ametolewa, nikatia saini. Kabla ya saa nane mchana simu zilikuwa zimeshapigwa. Jioni nikaitwa pembeni na kiongozi mmoja, akaniomba nibadilishe ile karatasi. Hakuwa mkali. Alisema, "Dada yangu, elewa. Risasi za leo zote kanunua yeye." Nilikataa. Mashindano mawili yaliyofuata jina langu halikuwemo kwenye orodha ya wasimamizi.

Nimelitafakari sana jambo hilo, na leo sina kinyongo na yeyote kati ya wale wawili. Yule kiongozi aliniambia ukweli mtupu. Risasi za siku ile zilinunuliwa na mtu mmoja. Turubai lilikuwa la rafiki yake. Chakula cha mchana kililetwa na mwingine wa kundi hilohilo. Chama kinachoishi kwa mifuko ya watu sita hakiwezi kuwapigia filimbi watu hao sita, hata kikipewa katibu mkuu mwadilifu namna gani. Filimbi itakwama kooni.

Na kwa nini ni sita? Kwa sababu mlango wetu ni mwembamba. Ili uwe mwanachama mwenye kura lazima uwe na silaha yako yenye leseni. Leseni ni jambo la polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ni sawa iwe ngumu. Sitaki iwe rahisi. Mimi ni mama, nakaa mtaa ambao tumeshawahi kuvamiwa usiku. Lakini sisi ndio tulioamua, kwenye katiba yetu wenyewe, kwamba asiyemiliki bunduki hana sauti. Matokeo yake, mkutano mkuu uliopita wapiga kura wote tungeenea kwenye Coaster moja na viti vingebaki. Mji wenye mamilioni ya watu, na chama cha mchezo wa Olimpiki kinaenea kwenye Coaster!

Hoja yangu katika uchaguzi huu ni hiyo moja. Chama hiki ni cha walenga shabaha. Mlengaji ni mtu anayelenga, awe na silaha yake au ashike ya klabu.

Mwaka 2024 simu zenu zilijaa picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, amesimama kule Châteauroux, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, ametulia kama anasubiri daladala. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walichukua medali ya fedha. Wengi walioisambaza picha ile hawakujua kwamba alichoshika ni bastola ya upepo. Haina baruti. Inasukuma kipande cha risasi cha milimita 4.5 umbali wa mita 10 kwa hewa iliyobanwa. Kati ya mashindano 15 ya shabaha kwenye Olimpiki ile, 6 yalikuwa ya silaha za upepo. Mita 10 ni bwalo la shule: ukuta mzuri nyuma, vizuizi vya kukamata vipande, kamba ya kuwazuia watu wasivuke, na msimamizi anayejua kazi yake. Duara la pointi kumi kwenye shabaha ya bastola lina kipenyo cha milimita 11.5, kama kitufe cha shati. La bunduki ni nukta ya nusu milimita tu. Huko misuli haikusaidii, wala pesa ya risasi. Kinachohitajika ni pumzi, subira na miguu isiyotikisika.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalipata uso kwa uso. Mama mmoja wa Yombo, ambaye mwanawe wa kidato cha pili alikuwa anataka kuja kujifunza, aliniuliza mlangoni kwake: "Dada, unamfundisha mwanangu bunduki ili iweje?" Swali la haki kabisa. Huku kwetu neno bunduki linakuja na sura ya jambazi au sura ya askari, hakuna ya tatu. Sikumpa maelezo marefu. Nilimwomba aje aone.

Alikuja Jumamosi, akakaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake mapajani. Mtoto hakupewa bastola. Alipewa chupa ya maji ya lita moja, ainyooshe mbele kwa mkono mmoja, atazame alama ukutani, apumue. Sekunde arobaini mkono ulianza kutetemeka. Akapumzika, akarudia. Wiki tatu zote zilikuwa chupa na pumzi. Wiki ya nne akashika bastola ya upepo, tupu, imekaguliwa na watu wawili mbele ya mama yake, na juu ya mtutu wake nikaweka sarafu ya shilingi mia. Kazi yake ilikuwa kuvuta triga bila sarafu kuanguka. Triga ya bastola hiyo kikanuni haipungui uzito wa gramu 500, nusu kilo ya sukari, na lazima uivute taratibu kiasi kwamba wewe mwenyewe ushtuke inapoachia. Sarafu ilianguka. Ikaanguka tena. Nadhani ilianguka mara ishirini. Kisha ikabaki. Yule mtoto hakurukaruka, hakupiga kelele. Aliishusha bastola mezani, mdomo ukitazama shabaha, kidole nje ya triga, akarudi hatua moja nyuma kama alivyofundishwa. Mama yake akaniambia, "Huyu nyumbani hakai kitini hata dakika tano."

Yule mtoto hana kura kwenye chama chetu, na kwa umri wake sidai awe nayo leo. Lakini mama yake anayemleta kila Jumamosi hana. Mwalimu aliyetupa bwalo hana. Mimi mwenyewe ninayo kwa sababu tu marehemu mume wangu alikuwa na leseni, nami nikafuata utaratibu hadi nikapata ya kwangu. Bila hivyo ningekuwa mwokota maganda asiye na haki ya kuinua mkono.

Mtu anaweza kusema kura si kitu, cha maana ni mazoezi. Mwulize Zhang Shan wa China. Barcelona mwaka 1992, kwenye skeet, mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa angani, wanaume na wanawake walishindana pamoja, naye akawashinda wote akachukua dhahabu. Atlanta mwaka 1996 skeet ikawa ya wanaume peke yao, na wanawake hawakuwekewa ya kwao. Walisubiri hadi Sydney mwaka 2000. Bingwa wa Olimpiki alibaki nje kwa uamuzi wa kikao. Nasi wa nchi za Jumuiya ya Madola tunakumbuka Birmingham 2022, mchezo wetu ulipoachwa kwenye ratiba, na Glasgow 2026 haumo tena. Mambo haya yanaamuliwa mezani, na mezani wanakaa waliopigiwa kura.

Kura zenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Shirikisho la kimataifa la shabaha za Olimpiki, ISSF, liliongozwa na mtu mmoja, Olegario Vázquez Raña wa Mexico, tangu 1980 hadi 2018. Miaka 38. Alipoondoka, Vladimir Lisin wa Urusi alimshinda Luciano Rossi wa Italia kwa kura 148 dhidi ya 144. Miaka minne baadaye, mjini Sharm el-Sheikh, Rossi akarudi akashinda kwa 136 dhidi ya 127. Kwa hiyo wenzangu mnaosema kura yako moja haibadilishi kitu, naomba mzihesabu hizo tofauti. Na kwa upande wangu nitapendekeza vipindi viwili vya miaka minne, basi, uwe umefanya vizuri au vibaya.

Sasa la bahasha. Tangu nichukue fomu nimepigiwa simu na wajumbe wawili. Mmoja alinitakia heri. Wa pili alisema, "Dada, hoja zako nzuri, lakini mfuko ukoje?" Nilimwambia mfuko wangu una nauli ya kwenda na kurudi uwanjani. Sitatoa bahasha, sitalipia mtu hoteli, sitatuma "ya maji". Tukishindwa kuchagua katibu bila bahasha, yule mzee wa kituo cha pili atakuwa na haki ya kuniuliza tena ninamfahamu yeye ni nani.

Nikichaguliwa, pendekezo la kwanza nitakalopeleka kwenye mkutano mkuu ni kubadili kifungu cha uanachama: mtu mzima yeyote aliyemaliza mafunzo ya usalama, akalipa ada na kuhudumia mashindano angalau mara nne kwa mwaka, awe na kura, akiwa na leseni au hana. Silaha za upepo za klabu zikae kwenye sefu ya klabu, kwa utaratibu ulioandikwa na kupelekwa polisi kabla hata moja haijaagizwa. Hesabu za risasi na michango zibandikwe ukutani kila baada ya mashindano, jina la mchangiaji na kiasi chake. Wale sita wanaotubeba leo wanastahili shukrani ya wazi, na karatasi ile itawapa. Pia itatuonyesha sote kwamba mchango umeandikwa pale na matokeo yameandikwa kwingine.

Marekebisho ya katiba lazima yapite Baraza la Michezo la Taifa, na nimeshasoma utaratibu wake. Unachukua muda. Ndiyo maana nataka uanze mwaka huu.

Fomu narudisha Ijumaa. Mwenye swali, au mwenye hoja ya kunipinga, anikute Jumamosi saa moja asubuhi kwenye mstari, na ninaomba sana aje na miwani na vizibo vya masikio. Yule kijana wa Yombo atakuwepo pia. Wiki hii, kwa mara ya kwanza, anafyatua kwenye karatasi.