Albania na talaka tatu

Ikitajwa nchi ndogo ya kikomunisti iliyothubutu kumwambia mkubwa wake "basi", wengi hukimbilia Yugoslavia ya Tito. Mimi huvutiwa zaidi na jirani yake, Albania, ambayo haikuwa hata na watu milioni 2 ilipogombana na Moscow. Katika miaka 30 ilitoa talaka tatu: kwa Yugoslavia mwaka 1948, Umoja wa Kisovieti 1961, na China 1978. Mtoaji alikuwa yuleyule kila mara, kiongozi wa Albania Enver Hoxha, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia.

Sababu alikuwa nazo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, ilikuwa mbioni kuimeza Albania iwe jamhuri ya saba ya Yugoslavia, na ndani ya chama alikuwemo Koçi Xoxe, waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa upande wa Tito. Stalin alipomtenga Tito Juni 1948, Hoxha hakungoja kuambiwa mara mbili. Washauri wa Kiyugoslavia wakatimuliwa, na Xoxe akauawa mwaka uliofuata. Nchi ikanusurika, na kiti cha Hoxha kikanusurika pamoja nayo.

Talaka ya pili ndiyo yenye utamu wa kusimulia. Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti baada ya Stalin, alikwenda Belgrade mwaka 1955 kupatana na Tito, kisha Februari 1956 akamlaani Stalin mbele ya chama chake. Kwa Hoxha, aliyetawala kwa mtindo wa Stalin na kumwogopa Tito, habari hizo mbili zilikuwa kama hati ya kufukuzwa kazi. Ukaja ukame wa 1960. Kwa maelezo ya Hoxha mwenyewe, Albania iliomba tani 50,000 za nafaka, Moscow ikachelewa kujibu, kisha ikaahidi tani 10,000 tu. China ndiyo iliyookoa jahazi, ilhali nayo ilikuwa na njaa kali nyumbani kwake.

Novemba mwaka huo, katika mkutano wa vyama 81 vya kikomunisti uliofanyika Moscow kwenyewe, Hoxha alisimama akamshambulia Khrushchev mbele ya wageni wake. Mwaka uliofuata Wasovieti wakaondoa misaada, wataalamu, na nyambizi zao kwenye kituo cha Vlorë, pwani ya Albania. Nane ziliondoka. Nne Waalbania wakazing'ang'ania. Hata asiyempenda Hoxha atakubali kwamba hapo palihitaji moyo.

China ikaziba pengo. Sisi Watanzania tunakutana na Albania hapa: azimio la Umoja wa Mataifa la Oktoba 25, 1971, lililoipa Beijing kiti chake, liliitwa azimio la Albania, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolidhamini. Wakati Wachina wakijenga TAZARA kwetu, kule Elbasan walikuwa wakijenga kiwanda kikubwa cha chuma. Lakini Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani alitua Beijing, na Hoxha akaona Mao naye ameuza imani. Uhusiano ukapoa polepole, magazeti ya Tirana, mji mkuu wa Albania, yakaanza kurusha vijembe mwaka 1977, na Julai 1978 China ikakata misaada na kuwaita wataalamu wake nyumbani.

Baada ya hapo hakukuwa na mwenza wa nne. Katiba ya 1976 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mikopo kutoka nje, na dini zote zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1967, misikiti na makanisa yakafungwa au kugeuzwa maghala. Saruji na chuma ambavyo vingejenga nyumba viliishia kwenye mahandaki ya zege, zaidi ya laki moja, yaliyotapakaa mashambani na ufukweni kumsubiri adui ambaye hakuja.

Watetezi wa Hoxha, na bado wapo mitandaoni, humwita shujaa wa kujitegemea. Mimi nauliza: aliyejitegemea ni nani? Kila mkubwa alipoondoka Tirana, madaraka aliyoacha yalibaki mikononi mwa mtu mmoja na polisi wake wa siri, Sigurimi. Mkulima wa milimani hakupata hata chembe yake.

Tito naye hakuwa malaika. Wafuasi wa Stalin aliwatupa kisiwani Goli Otok, na mateso ya huko yanajulikana. Hata hivyo, ugomvi wake na Moscow hatimaye uliwafungulia watu mlango: kuanzia miaka ya 1960 Wayugoslavia walikwenda Ujerumani Magharibi kufanya kazi na kutuma fedha nyumbani. Mwalbania aliyejaribu kuvuka mpaka alihesabiwa msaliti. Hoxha alikufa Aprili 1985, na utawala aliouacha ulipoporomoka, Agosti 1991, maelfu kwa maelfu waliivamia meli ya mizigo Vlora katika bandari ya Durrës, ikiwa imetoka Cuba na shehena ya sukari, wakamlazimisha nahodha awapeleke Bari, Italia.