Wapelekeni zahanati, si wodini tu

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka wanafunzi wa shahada ya uuguzi waongezewe vipindi vya afya ya jamii. Sawa, ila mimi naona shida si vipindi, ni mahali wanapopelekwa mafunzo kwa vitendo. Wengi tunaowapokea kazini wamesoma miaka minne, dripu wanaweka vizuri kabisa, lakini mpe daftari la MTUHA (la kumbukumbu za huduma za kituo) ajaze, au muulize friji ya chanjo iwe na joto gani (nyuzi 2 hadi 8 jamani!), anakutazama tu. Marburg (ugonjwa hatari wa virusi, unaoambukiza kwa kugusana) ilipoibuka Kagera mwaka 2023, wodi pekee zisingeizima. Ilibidi watu waliokaribiana na wagonjwa wafuatiliwe siku 21, kila siku, na wafiwa waeleweshwe kuhusu mazishi salama. Kuongea na mfiwa aliyekasirika hakufundishwi kwa slaidi. Wapangieni wiki za kutosha kwenye zahanati za vijijini, watembee nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wasimamiwe na muuguzi wa palepale. Na huyo muuguzi apewe posho, maana mara nyingi anabebeshwa wanafunzi juu ya foleni ya kliniki, bure.