Limepona Hapa, Linaumwa Wapi?

Mwaka jana nilikaa wiki mbili kwa shemeji yangu Texas, na asubuhi kadhaa nilimsindikiza kazini. Gari lake ni la umeme, linajiendesha huku yeye amekaa kwenye usukani akilichunga. Kampuni iliyolitengeneza siitaji. Tulipokaribia tawi moja la kutokea barabara kuu, alinikatisha mazungumzo. "Shemeji, hapa naomba tunyamaze kidogo." Mikono ilikuwa mapajani, vidole vimekunjuka kama mtu anayengoja kudaka kikombe kinachoteleza mezani. Gari likapunguza mwendo, likaingia njia yake, likasimama kwenye taa. Hakuna kilichoharibika. Ndipo akashusha pumzi. "Zamani hapa lilikuwa linanitesa. Wiki iliyopita limeshusha programu mpya, limepona. Ila sasa sijui linaumwa wapi."

Maneno hayo ya mwisho nimerudi nayo nyumbani. Mjadala wa magari haya umetoa kambi mbili zisizosikilizana. Moja inasema kila toleo ni bora kuliko lililotangulia, kwa hiyo anayelalamika baada ya apdeti ni mwoga wa mabadiliko. Nyingine inasema mfumo wote uzimwe. Katikati yupo dereva kama shemeji: ameulipia, anaupenda, hataki uzimwe, na bado kila apdeti inampa wiki nzima ya wasiwasi. Huyu anachekwa na kambi zote mbili, nami naona hoja yake ndiyo nzito kuliko zao.

Wanaosifu, hata hivyo, wana vya kuonyesha. Chukua Tesla, ambayo mfumo wake wa Full Self-Driving ndio unaojulikana zaidi, na tangu 2024 jina hilo linafuatwa na neno Supervised, yaani chini ya uangalizi. Ulianza Oktoba 2020 kwa wateja wachache. Mwishoni mwa 2022 kila aliyeulipia Marekani na Kanada aliweza kuuwasha. Februari 2023, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, kuona kwamba mfumo unaweza kuyavusha magari makutano vibaya, mengine yakinyoosha moja kwa moja kutoka njia ya kukata kona, magari 362,758 yaliitwa kurekebishwa. Kwa desturi wito kama huo ni barua ya posta na safari ya gereji, na wengi hawaendi. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilibaki kwenye mamilioni ya magari kwa miaka baada ya hatari yake kutangazwa. Hapa dawa ilishuka kwa intaneti gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Hilo si jambo la kubezwa. Na dereva binadamu tunayemtetea ndiye aliyekuwa barabarani Marekani mwaka 2023, mwaka ambao zaidi ya watu 40,000 walikufa kwa ajali. Mashine hailewi, haisinzii, haichati. Kwa mzee ambaye shingo haigeuki tena vizuri, au muuguzi anayetoka zamu ya usiku, jozi nyingine ya macho ni neema.

Yote hayo nayakubali. Lakini yanazungumzia ubora wa gari tu, na kazi hii inafanywa na wawili.

Aliyewahi kujifunza kuendesha huku kwetu anakumbuka gari la shule ya udereva: kibao cha L mbele na nyuma, na upande wa mwalimu pedali zake mwenyewe. Mwalimu mzuri haangalii barabara tu. Anamjua mwanafunzi. Huyu anasahau kioo akikata kona, yule anaganda akiona lori, mwingine anaachia klachi mapema mlimani. Mguu wa mwalimu unatangulia kwenda kwenye breki kwa sababu ya ujuzi huo, na ndiyo maana anaweza kukaa saa nane kwa siku bila kuchanganyikiwa. Sasa mpe mwalimu huyo mwanafunzi mwenye sura ileile na sauti ileile, lakini kila baada ya wiki chache anaamka ana kichwa kingine. Amesahau kosa la kioo, hongera zake. Kosa jipya ni lipi? Hakuna wa kumwambia. Atalijua litakapotokea, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Hapa watu hunijibu kwa takwimu moja wanayoipenda sana: umbali gari linaokwenda kabla dereva hajalazimika kuingilia. Umbali unaongezeka, wanasema, basi tatizo linakwisha lenyewe. Tuihesabu takwimu hiyo kwa maisha ya mtu mmoja. Sema dereva anakwenda kazini kilomita 30 na kurudi 30, siku tano, jumla 300 kwa wiki. Gari likikosea kila kilomita 20, anaingilia mara tatu kwa siku. Ni kero, lakini yuko macho, na kufikia Ijumaa ameshajua ni kona ipi na taa ipi. Gari likiboreshwa mara mia, likawa linakosea kila kilomita 2,000, kosa moja litamfikia baada ya karibu wiki saba. Wiki saba za kukaa bila kufanya chochote, kisha sekunde mbili za kufanya kila kitu. Na kabla wiki hizo hazijaisha, huenda toleo jipya limeshashuka. Yaani dereva anaweza kuishi na toleo zima, likaja likaondoka, bila kukutana na udhaifu wake hata mara moja. Anachokutana nacho ni udhaifu wa toleo linalofuata, akiwa na uzoefu wa lile lililofutwa.

Mtafiti Lisanne Bainbridge aliliona jambo hili mwaka 1983, akiandika juu ya mitambo ya viwandani: kadiri mashine inavyochukua kazi, binadamu aliyebaki kusimamia anaachiwa sehemu ngumu zaidi huku mazoezi yakimpungua. Yeye hakuwa na hesabu ya mtambo unaobadilika usiku.

Na usiku ni kweli. Oktoba 2021 Tesla ilituma toleo 10.3 la Full Self-Driving, mfumo uliokuwa bado ukiitwa wa majaribio. Ndani ya saa chache madereva wakaanza kuripoti tahadhari za kugongana na kitu kisichokuwepo, na magari mengine yakajipiga breki. Chanzo kilikuja kuelezwa: vichakataji viwili, yaani bongo za kompyuta ya gari, vilipoteza mawasiliano gari lilipoamshwa kutoka aina fulani ya usingizi. Siku iliyofuata Elon Musk, mkuu wa Tesla, akatangaza kwamba wanarudi kwa muda kwenye toleo 10.2, marekebisho yakaja upesi, na magari 11,704 yakaandikishwa rasmi kwenye wito. Kampuni ilisema haikuwa na taarifa ya ajali wala majeruhi. Mashabiki husimulia kisa hiki kama ushahidi wa wepesi wa kampuni kurekebisha, na ni ushahidi kweli. Mimi namfikiria aliyetoka Jumapili asubuhi na watoto kwenye kiti cha nyuma, akiwa na imani aliyoijenga Ijumaa juu ya gari ambalo Jumapili halikuwa lile.

Mtu atasema: basi asome maelezo ya toleo kabla ya kuondoka. Zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Matoleo ya 10 na 11 yalikuja na orodha ndefu: hapa tumeboresha kukata kushoto, hapa tumepunguza breki za mzimu, yaani gari kufunga breki bila sababu, tena mara nyingine kwa asilimia. Toleo la 12, lililosambaa mwanzoni mwa 2024, lilibadili mambo. Kampuni ilieleza kuwa kwenye barabara za mjini mtandao mmoja wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliofunzwa kwa mamilioni ya vipande vya video umechukua nafasi ya zaidi ya mistari 300,000 ya msimbo ulioandikwa na watu. Uendeshaji ukawa laini, karibu wa kibinadamu. Hata wakosoaji wengi walikiri. Lakini kitu kilichofunzwa kwa video hakina mstari wa kuuonyesha na kusema "huu ndio tuliougusa". Maelezo hayohayo yakaambatana na matoleo madogo kadhaa, neno kwa neno. Mhandisi mwenyewe hawezi kukuorodheshea gari limesahau nini. Tunamtaka dereva ajue.

Kuna na mabadiliko ya makusudi. Toleo la 14, la Oktoba 2025, lilifanya kigurudumu kidogo cha usukani, kilichokuwa kikipanga kikomo cha mwendo, kiwe cha kuchagua tabia ya gari, kutoka Sloth, mnyama anayesifika kwa uvivu, hadi Mad Max, jina la filamu ya madereva wakali. Kidole kinachokumbuka "punguza kilomita tano" sasa kinaliambia gari liwe na hulka nyingine. Menyu ya benki ikihamishwa kwenye simu unasonya, unaitafuta, unaendelea. Kidole cha dereva hakina nafasi ya kusonya.

Sitaki kujifanya dawa ni rahisi. Apdeti zikicheleweshwa, makosa yanayojulikana yanabaki barabarani, na atakayegongwa na kosa lililokwisha kupatiwa tiba hatafarijiwa na hoja yangu kuhusu mazoea. China imejaribu njia ya mkazo: Aprili 2025, wiki chache baada ya ajali ya gari la Xiaomi SU7 iliyoua wanafunzi watatu, wizara ya viwanda iliwaita watengenezaji ikawataka wapime kikamilifu na kupata kibali kabla ya kubadili mifumo ya kusaidia dereva kwa njia ya mtandao. Faida naiona, na gharama naiona: marekebisho mazuri nayo yanakaa kwenye foleni ya muhuri. Kama ningepewa kuchagua ningependa kitu kidogo zaidi. Toleo jipya lianze kwa upole kwa kilomita mia kadhaa za kwanza, lidai macho zaidi, na limruhusu mtu kurudi alikotoka. Simu za bei rahisi tu hukuachia uahirishe apdeti hadi uwe tayari. Gari la mamilioni likupe na njia ya kurudi.

Kinachoifanya hoja ya dereva iwe nzito ni hili la nani anabeba lawama. Mercedes-Benz ilipopata kibali Ujerumani mwishoni mwa 2021 kwa mfumo wake wa Drive Pilot, mwanzoni hadi kilomita 60 kwa saa na kwenye barabara kuu tu, dereva aliruhusiwa kuondoa macho barabarani mfumo ukiwa umewashwa. Eneo lilikuwa finyu, lakini ndani yake mashine ilijibeba. Mifumo ya kusimamiwa haiko hivyo. Mbele ya sheria anayeendesha ni wewe, muda wote. Agosti 2025 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani huko Florida liliigawa lawama ya ajali mbaya ya 2019 iliyohusu Autopilot, mfumo wa zamani zaidi wa Tesla: theluthi moja kwa kampuni, theluthi mbili kwa dereva. Hata pale kampuni iliposhindwa, sehemu kubwa ilibaki kwa mtu aliyeshika usukani. Sioni ubaya wa dereva kuwajibika. Naona ubaya wa kuwajibika kwa mwanafunzi ambaye anabadilishwa bila yeye kuambiwa kilichobadilika, halafu akinung'unika anaambiwa hajui teknolojia.

Shemeji amejitungia utaratibu. Toleo jipya likishuka, siku tatu za mwanzo anaendesha mwenyewe kwenda kazini. Jumapili asubuhi na mapema, barabara zikiwa tupu na yeye akiwa peke yake, anauwasha na kuzungukia njia zake zote, ikiwemo ile ya kutokea barabara kuu. Amenunua kidaftari, kimekaa kwenye mfuko wa mlango, ameandika namba za matoleo na majina ya mitaa. Hayo hayamo kwenye kitabu cha gari. Siku tatu hizo, ada ya mwezi inakatwa kama kawaida.