Haydn aliajiriwa, Mozart akajiajiri, nani alipatia?

Ukifuatilia muziki wa Ulaya wa karne ya 18 hadithi ni ileile kila mahali, kati ya watunzi wake wawili wakubwa Mozart ndo shujaa maana aliacha kazi akasimama mwenyewe Vienna, mji mkuu wa Austria, Haydn yeye mtumishi tu aliyezeekea kwa mwinyi. Mi naona hapo Haydn anaonewa.

Sikatai, mkataba wake wa 1761 na ukoo wa Esterházy, mamwinyi matajiri wa Hungaria, unauma. Avae soksi nyeupe, nywele apake poda, na kila siku mara mbili, kabla na baada ya saa sita mchana, akasimame chumba cha nje kusubiri aambiwe kama leo kuna muziki au hakuna. Alichotunga chote mali ya mwajiri, hata kopi haruhusiwi kumpa mtu. Halafu mwinyi Nikolaus wa ukoo huo alikuwa anapenda kupiga bariton, chombo kinachoshikwa katikati ya magoti, mbele unapitisha upinde na nyuma kuna nyuzi za waya unazidonoa na kidole gumba, basi Haydn ikabidi atunge trio (vipande vya wapigaji watatu) zaidi ya 120 za chombo ambacho hata wakati ule waliokijua ni wachache.

Lakini angalia alichopata. Okestra iko palepale mwaka mzima, anaandika, wanajaribu, pasipokaa vizuri anakata anaandika upya. Mwenyewe alikuja kusema kule kwa mwinyi, mbali na dunia, hakukuwa na wa kumvuruga, ikabidi awe na sauti yake. Na 1779 mkataba ukabadilishwa, akaruhusiwa kuuza kazi zake nje.

Mozart sasa. Kwao Salzburg askofu mkuu alikuwa anamlipa gulden (hela ya wakati ule) 450 kwa mwaka, na walipokuja Vienna akakalishwa meza moja na wapishi, 1781 akaondoka na teke la makalio alilopigwa na mtu wa askofu, teke kweli kabisa. Miaka mitatu baadaye watu 174 wamelipia konseti zake na kodi ya mwaka ya nyumba aliyohamia mwaka huo inazidi kidogo mshahara wake wote wa zamani. Zile konseto za piano (vipande vya piano na okestra) za miaka hiyo bila uhuru ule tusingekuwa nazo, hapo nakubali kabisa. Ila 1788 Austria ikaingia vitani na Waturuki, wateja wakapungua, na barua za kukopa hela kwa rafiki yake Puchberg zikaanza, tena ni barua za kusikitisha sana. Na tusisahau mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshakubali kazi ya ikulu ya gulden 800, kwa hiyo hata yeye hakuwa na ugomvi na mshahara, alichokataa ni kudharauliwa, na hilo watu wanalichanganya.

Nikolaus alipofariki 1790 mrithi akavunja okestra, Haydn akabaki na pensheni, ana miaka 58, ndo akaanza kujiajiri London, na hela ikaja. Aliweza kwa sababu hata konseti zingekosa watu bado alikuwa na cha kula. Desemba ile kabla hajaondoka Mozart alikuja kumuaga, walipendana sana hawa wawili, Mozart akiwa na hofu kwamba mzee hatarudi. Haydn alirudi 1792, Mozart ameshafariki tangu Desemba 1791, ana miaka 35.