Changieni pampu kabla ya kasa

Kituo cha kuuguza kasa kikiweka mtandaoni asubuhi picha ya ng'amba, aina ya kasa, mwenye ndoana kooni, kufikia jioni pesa za upasuaji zimeshapatikana. Kituo hichohicho kikiomba pesa za umeme, simu hunyamaza. Watu wa Pwani si wachoyo, na wageni pia hutoa. Lawama nawapa wanaoomba, kwa sababu hawaweki hesabu mezani.

Tuiweke. Kasa anayeuguzwa hula kati ya asilimia 1 na 3 ya uzito wake kwa siku. Tuchukue 2: kasa wa kilo 20 ni gramu 400 za samaki na ngisi. Aliyemeza plastiki na tumbo likajaa hewa huelea juu, gamba limekaushwa na jua, na hata akipiga makasia vipi hazami. Kumtoa uchafu ule ni dripu, dawa ya kulainisha tumbo, eksirei na subira ya wiki nyingi, pengine miezi. Akikaa siku 90 atakuwa amekula kilo 36. Wakiwa kumi, ni kilo 120 kila mwezi, na friji isiyozimika.

Bado hatujafika kwenye pampu. Pampu ya kuvuta maji ya bahari hadi kwenye matangi, ya hospawa 1, hula wati 750 hivi. Ikizunguka usiku na mchana ni uniti 18 kwa siku, 540 kwa mwezi. Wengine huuliza kwa nini isizimwe usiku, maana kasa hupumua hewa kama sisi. Kweli, hatakosa pumzi. Lakini kinyesi chake kinabaki humo humo, maji yanachafuka, na maji hayo ndiyo yanayoingia machoni na kwenye kidonda cha pezi lililokatwa na wavu. Kidonda kilichokuwa kinafunga huanza upya, na siku za tangini huongezeka.

Pampu zenyewe hufa mapema. Chumvi hula sili ya shafti inayozuia maji yasivuje, mchanga hukwangua impela, ile panga inayosukuma maji, na mwani huziba chujio. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali mno; mdomo wa bomba ukifungwa juu kidogo tu, hubaki hewani, pampu inazunguka kavu na sili inaungua. Kwa hiyo bajeti ya kweli ina pampu mbili, moja kazini na moja rafuni, sili za akiba, jenereta na dizeli yake. Mwenye pampu moja anacheza pata potea na wagonjwa wake.

Kuna gharama nyingine ambayo, pesa zikipungua, hukatwa kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo ya kukatwa mwisho. Kule Watamu, pwani ya Kenya, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, humlipa mvuvi kiasi kidogo anapopiga simu kwamba kasa amenasa. Kiasi hicho ni cha muda na usumbufu wake, na huwekwa chini kusudi kisigeuke bei ya kununua kasa. Kasa mzima hupimwa, hufungwa tagi ya utambulisho na kurudishwa baharini. Mgonjwa huenda kliniki. Fikiria sasa mvuvi aliyeacha kazi akangoja nusu siku juani, akaambiwa safari hii hakuna kitu. Jarife lake ni mali. Mara ya pili hapigi simu, anakata pezi aokoe wavu. Matangi yatabaki matupu huku kasa wakizidi kuumia.

Halafu kuna msimu. Kaskazi huja na wageni. Mvua za masika na kusi zikiingia, hoteli kadhaa hufunga, na kasa hawaendi likizo. Mwaka 2020, Kenya ilisimamisha ndege za kimataifa za abiria kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1, na kila aliyetegemea kikapu cha mlangoni alionja shubiri. Pesa za Desemba hadi Machi zigawanywe kwa miezi 12 siku zinapoingia. Akiba ya miezi mitatu ije kabla ya tangi jipya, hata kama mfadhili anataka jina lake kwenye tangi.

Katika kuomba, ninyi wenye vituo, ombeni ahadi ndogo ya kila mwezi. Shilingi 200 za mtu anayerudi kila mwezi hulipa umeme vizuri kuliko 5,000 za mara moja. Kwenye Paybill ya M-Pesa, mchangiaji aandike TANGI3 au MVUVI mahali pa namba ya akaunti, ijulikane pesa ni ya nini. Msimwuzie mchangiaji habari ya kasa mmoja pekee: kasa huyo akifa, mchangiaji huhisi amedanganywa. Kila mwezi mtoe hesabu: walioingia, waliotoka, waliokufa, uniti zilizotumika.

Na msiweke vitoto vya kasa kwenye beseni siku mbili tatu ili mgeni alipie kuwaachia. Wanatoka kwenye yai na kiini kidogo tumboni cha kuwavusha miamba na mawimbi ya kwanza. Kila saa wanayopapatika kwenye beseni wanakitumia hicho hicho.